Ungo Juu ya Paa na Mkataba Ulio Chini Yake

Asiyepata kufika Nyashimo na ajue kwamba mji huo ndio makao makuu ya Wilaya ya Busega, katika Mkoa wa Simiyu, na kwamba umekaa kando ya ile barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hata Sirari, mpakani mwa Kenya. Ziwa haliko mbali. Watu wake ni wakulima wa pamba na mpunga, wavuvi, wachuuzi wa dagaa, wafugaji, waalimu na watumishi wa serikali. Zamani msafiri apitaye jioni alikuwa akiuona moshi wa majiko ukipanda juu ya mapaa. Moshi huo ungaliko, lakini juu ya mabati pameongezeka kitu kingine: nyungo za chuma za kupokelea televisheni, baadhi yake zimeelekea magharibi, na nyingine zimelala karibu chali, kana kwamba zangoja mvua.

Katika mji huo tulikaribishwa na mzee mmoja, Muislamu mwenye watoto watano, mtu wa msikitini na wa shambani. Baada ya sala ya Isha alitutolea karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni risiti. Alikuwa amelipia kifurushi cha mwezi mzima kwa fedha za pamba, ili wanawe watazame taarifa ya habari, vipindi vya elimu na mpira. Siku ya nne picha ikatoweka, na kioo kikaandika kuwa malipo hayakuonekana. Akamwendea wakala, wakala akamwambia apige simu kwenye kampuni. Akapiga simu, kampuni ikamchezea muziki mpaka salio la simu yake likaisha.

Hapo ndipo mwanawe mkubwa, kijana wa miaka kumi na minane, aliposema: “Baba, yupo fundi pale sokoni, atatufungulia chaneli zote bila ya kulipa kitu. Wao wametula, nasi tuwale.”

Mzee akatugeukia akasema: “Shekhe, nimewaalika kula wali, lakini na swali ninalo. Haki yangu iko wapi? Na haya maneno ya mwanangu yana kosa gani?”

Swali hilo tulilibeba njia nzima. Kwa hakika si la nyumba moja, maana nyumba nyingi za Waislamu leo, mijini na vijijini, zina ungo juu ya paa na malalamiko chini yake. Tena mambo haya yamekwisha fika mahakamani mara nyingi, hapa kwetu, kwa jirani zetu, na katika nchi za mbali. Yatupasa basi kutazama waamuzi wameamua nini, na dini yetu inatuelekeza nini.

KILICHONUNULIWA NI NINI?

Kwanza tufahamu kile anachokinunua mtu anapolipa. Setilaiti ya televisheni imetundikwa juu ya mstari wa Ikweta, mwendo wa kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini. Huzunguka sawasawa na dunia inavyozunguka, ndiyo maana kwa macho ya ungo imesimama mahali pamoja, na fundi akishaufunga ungo haina haja ya kuugeuza tena. Mawimbi yatokayo huko juu humwagikia mapaa yote: ya aliyelipa na ya asiyelipa, ya msikiti na ya duka. Lakini yamefungwa kwa kufuli ya hesabu, na kadi iliyomo katika king'amuzi ndiyo ufunguo. Kampuni hufungua ufunguo huo kwa muda uliolipiwa, kisha huufunga.

Basi aliyelipa kifurushi hakununua picha wala setilaiti. Amenunua ruhusa ya muda maalumu. Wenye elimu ya fiqhi watalifananisha jambo hili na ijara, yaani kukodi manufaa kwa malipo yajulikanayo na kwa muda ujulikanao. Na katika ijara, manufaa yakikosekana bila ya kosa la mwenye kukodi, malipo ya muda ule hayamlazimu. Mwenye nyumba hawezi kudai kodi ya chumba ambacho amekifunga kwa kufuli yake mwenyewe.

Hapa ndipo penye mizizi ya mashtaka yote tutakayoyataja. Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba yao. Amri hiyo haikumbagua mkubwa na mdogo, wala muuzaji na mnunuzi. Kampuni yenye majumba ya ghorofa na mkulima mwenye risiti iliyokunjwa mara nne wako sawa mbele yake.

CHANELI ZIKITOWEKA

Tanzania ilizima mitambo ya zamani ya televisheni, ile ya analojia, kwa kuanzia Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012. Tangu siku hiyo king'amuzi kikawa kitu cha lazima katika nyumba yenye televisheni. Serikali ilikuwa imeweka utaratibu kwamba baadhi ya chaneli za ndani ya nchi zionekane bure, hata mtu asipolipia kifurushi. Jambo hilo lilikuwa jema, kwa kuwa habari za nchi ni haki ya kila raia.

Walakini leseni hazikuwa za namna moja. Zilikuwapo kampuni zilizopewa kazi ya kusambaza chaneli za bure kwa mitambo ya ardhini, na zilikuwapo nyingine, hasa za setilaiti, zilizopewa leseni ya matangazo ya kulipia. Mnamo Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa notisi ya kusudio la kufuta leseni za kampuni zenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku, kwa sababu zilikuwa zikibeba chaneli za bure kinyume cha masharti ya leseni zao. Chaneli hizo zikaondolewa. Watu waliokuwa wamezoea kufungua taarifa ya habari ya saa mbili wakakuta kioo cheusi. Baadaye masharti yakarekebishwa, nazo zikarudi.

Wengi walimlaumu wakala wa mtaani, ambaye hakuwa na habari yoyote. Wengine waliwalaumu wenye vituo. Wachache walijua kwamba ugomvi ulikuwa juu ya maandishi ya leseni, na kwamba mwenye king'amuzi nyumbani, ambaye ndiye aliyeumia, hakuwa mmoja wa waliokaa mezani.

Ikiwa twataka kuona ugomvi wa namna hii umesikilizwa hadi mwisho, na tuifuate ile barabara ya Nyashimo mpaka tuvuke mpaka wa Sirari, tuingie Kenya. Huko kesi ilipanda ngazi zote za mahakama.

Kampuni tatu zenye vituo vikubwa vya televisheni, yaani Royal Media Services yenye Citizen, Nation Media Group yenye NTV, na Standard Group yenye KTN, ziliishtaki Tume ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na wengine mwaka 2013. Malalamiko yao yalikuwa mawili makubwa. La kwanza, kwamba leseni za kusambaza matangazo ya dijitali zilipewa Signet, iliyo ya shirika la utangazaji la taifa, KBC, na Pan African Network Group ya Wachina, hali wao waliotumia miaka na mali nyingi kujenga mitambo wameachwa nje. La pili, kwamba wenye ving'amuzi vya StarTimes na GOtv, huyo wa pili akiwa ndugu wa DStv, walikuwa wakizibeba chaneli zao bila ya idhini, na kwa hiyo wamevunja hakimiliki.

Wenye ving'amuzi walijibu kuwa hawakujichukulia kwa hiari yao, maana kanuni za nchi ziliwalazimisha kuzibeba chaneli za bure. Tena wakasema: mtazamaji hatozwi kitu kwa chaneli hizo, na wenye vituo wanazidi kupata watazamaji, na matangazo yao ya biashara yaonekana pasi na kukatwa. Hasara iko wapi?

Msomaji aone jinsi jambo moja liwezavyo kuwa na sura mbili mbele ya watu wenye elimu. Tarehe 23 Desemba 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliitupa kesi ya wenye vituo. Wakakata rufaa, na tarehe 28 Machi 2014 Mahakama ya Rufani ikawapa ushindi. Upande wa pili nao ukaenda Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, na tarehe 29 Septemba 2014 hukumu ikageuzwa tena. Mahakama hiyo ilisema kwamba kuzibeba chaneli za bure kwa amri ya kanuni, bila ya kuzibadilisha, hakukuwa kuvunja hakimiliki. Lakini haikuwaacha wenye vituo mikono mitupu, maana iliiagiza Mamlaka ifikirie maombi yao ya leseni ya kujisambazia wenyewe. Nao waliungana wakaunda kampuni yao ya usambazaji.

Hata hivyo ugomvi haukuisha kwa wino wa hukumu. Dunia ilikuwa imepatana Geneva mwaka 2006 kwamba mitambo ya analojia izimwe ifikapo tarehe 17 Juni 2015, na Kenya ilikuwa mbioni. Wenye vituo waliomba muda zaidi walete ving'amuzi vyao, Mamlaka ikakataa. Mitambo yao ya analojia ikazimwa Februari 2015, nao wakafunga matangazo yao kabisa, na kwa karibu wiki tatu mamilioni ya Wakenya hawakuziona chaneli zile tatu walizozizoea.

Twajifunza nini? Kwanza, kwamba kesi ile ilihusu haki za kweli za pande zote, na kila upande ulikuwa na hoja. Pili, kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kupata maelezo ya kutosha. Lakini haki hiyo hulala usingizi ikiwa mwenyewe hajui kuwa anayo. Fahali wawili walipigana, na zilizoumia ni nyasi. Nyasi ni kaya zetu.

WAKALA NA BWANA WAKE

Mzee wetu wa Nyashimo aliambiwa na wakala, “Uliza kampuni.” Wengine huambiwa na kampuni, “Muulize wakala.” Jee, yafaa kampuni kujikinga kwa mgongo wa wakala wake?

Suala hili lilitolewa hukumu Marekani, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2009 dhidi ya kampuni ya televisheni ya setilaiti iitwayo Dish Network. Huko iko daftari ya taifa ambamo mtu huandikisha namba yake ya simu akiwa hataki kusumbuliwa na wauzaji. Serikali ya Marekani pamoja na majimbo manne ilidai kuwa mamilioni ya simu za kuuza vifurushi zilipigwa kwa watu waliojiandikisha humo. Kampuni ikajitetea kwamba nyingi ya simu hizo zilipigwa na wauzaji waliokuwa wakifanya biashara yao wenyewe, na yeye hana lawama.

Mwaka 2017 mahakama ya Illinois ilikataa utetezi huo, ikaamuru kampuni ilipe dola milioni 280. Katika rufaa, mwaka 2020, majaji walikubali kwamba kampuni inawajibika kwa waliouza kwa niaba yake, ila wakarudisha hesabu ya adhabu ipimwe upya. Mwisho wa mwaka huo huo shauri likamalizika kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 210.

Maneno ya hukumu ile yaweza kufupishwa kwa lugha ya sokoni: aliyemtuma mtoto dukani hawezi kukana deni alilolikopa mtoto kwa jina lake. Kampuni yenye kufaidika kwa kazi ya wakala haina budi kuyabeba makosa ya wakala.

BEI IPANDAPO GHAFULA

Liko jambo jingine liwaumizalo watu, nalo ni bei kupanda. Nchini Nigeria mteja mmoja, mwanasheria, alikwenda mbele ya Baraza la Ushindani na Ulinzi wa Walaji akilalamika kwamba MultiChoice, wenye DStv na GOtv, wametangaza bei mpya kwa siku chache tu kabla ya kuanza kuzitoza. Tarehe 29 Aprili 2024 Baraza lilizuia bei hizo zilizokuwa zianze tarehe 1 Mei. Kampuni ilipinga mamlaka ya Baraza, na bei zikapanda hivyo hivyo. Tarehe 7 Juni 2024 Baraza likaitoza faini ya naira milioni 150, na likaiamuru iwape wateja wa Nigeria mwezi mmoja bila ya malipo.

Tusije tukadhani kwamba kila amri ya kuzuia bei humfaa mtazamaji. Malawi, jirani zetu wa kusini, mdhibiti wa mawasiliano alipata zuio la mahakama dhidi ya bei mpya za DStv mwaka 2023. Kampuni ikasema bei hazipangwi na tawi la Malawi, na mwezi wa Agosti mwaka huo ikatangaza kuisimamisha huduma nchini humo. Mwenye bidhaa naye ana haki ya kukataa kuuza. Kinachotakiwa ni uwazi: bei ijulikane mapema, na mabadiliko yatangazwe kwa muda wa kutosha, ili mwenye kutaka kujitoa ajitoe kabla hajakamuliwa.

Mtume (rehema na amani zimshukie) alipita sokoni kwenye fungu la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye chakula akasema kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akaonya kuwa mwenye kudanganya watu si katika sisi. Masharti ya kifurushi yaandikwayo kwa herufi ndogo mithili ya sisimizi, yasiyosomeka ila kwa miwani, ni chakula kilicholowa kilichofichwa chini ya fungu.

“NASI TUWALE”

Sasa turudi kwa yule kijana. Maneno yake yana ladha ya kisasi, na vijana wengi huyaona kuwa ni haki. Nasi twamwambia: ikiwa kampuni imekukosea siku ishirini na sita, dai lako ni siku ishirini na sita. Chaneli mia moja za mwaka mzima hazikuwa katika dai lako.

Wengine husema kwamba mawimbi hayaibiwi, maana hayapungui. Jirani akitazama bure, mimi nimekosa nini? Jambo hili wanazuoni wamelitazama. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 lilipitisha azimio la 43, kwamba haki za utunzi, za uvumbuzi na za alama za biashara ni mali ya wenyewe, zina thamani, zinalindwa na sheria ya dini, na haijuzu kuzivunja. Basi aliyelipia haki ya kuonyesha mpira amelipia mali, ingawa mali hiyo haishikiki kwa mkono.

Mfano mkubwa ulitokea katika Ghuba, miongoni mwa Waislamu wenyewe. Mwaka 2017, baada ya kukatika uhusiano baina ya Saudi Arabia na Qatar, kulizuka chombo kiitwacho beoutQ kilichoyachukua matangazo ya kampuni ya beIN ya Doha, kikayafunika kwa jina lake, kikayauza. Mechi zilizonunuliwa kwa fedha nyingi zikaonekana kwa watu wasiomlipa mwenyewe. Qatar ikalipeleka shauri katika Shirika la Biashara la Dunia, na tarehe 16 Juni 2020 jopo la waamuzi likatoa taarifa yake kwamba Saudi Arabia haikutimiza wajibu wake wa kuwachukulia hatua za jinai waliohusika. Mwezi wa Januari 2021 nchi hizo zikapatana tena huko Al-Ula. Watawala walipeana mikono, lakini kwa miaka kadhaa watoto katika nyumba nyingi walikuwa wamekwisha ona kuwa uadui huhalalisha wizi. Sura ile ile ya Al-Maida inatukataza chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu.

Tena lipo jambo la karibu zaidi na Nyashimo, nalo ni vibanda umiza, vile vibanda vya mabati ambamo vijana hulipa fedha kidogo wakatazama mpira. Wenye vibanda wengi ni watu wa bidii wanaotafuta riziki. Lakini kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 imeitenga haki ya kuonyesha kazi ya mtu mbele ya umma, na mwenye kutaka kutoza kiingilio yampasa apate ruhusa ya biashara. Twawanasihi wenye vibanda waulize, wapewe bei ya vibanda kwa maandishi. Nao wenye kampuni twawanasihi waweke bei ambayo mtu wa Busega aiweza, kwa kuwa bei isiyowezekana humtia mnyonge katika majaribu.

DERAYA YA SAYYIDNA ALI

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali, radhi za Mungu ziwe juu yake, alipokuwa Khalifa aliiona deraya yake mikononi mwa mtu asiyekuwa Muislamu. Wakaenda kwa kadhi, Shureihi. Kadhi akamtaka Khalifa alete mashahidi. Akamleta mwanawe Hasan na mtumishi wake. Kadhi akasema ushahidi wa mtoto kwa baba yake haukubaliki, akampa yule mtu deraya. Yule mtu alishangaa mno kuona mtawala ashindwa mbele ya kadhi wake mwenyewe, hata akakiri kuwa deraya si yake.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kusifu uadilifu, na wana haki. Ila lipo fundisho jingine ndani yake: hata mkweli, asipokuwa na ushahidi, hukosa haki yake hapa duniani. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ambayo imo katika Sura ya Al-Baqara, yafundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Mwenyezi Mungu hakuona aibu kuzungumza na waja wake juu ya karatasi na kalamu. Mbona sisi twaona uzito kutunza risiti?

Kwa hiyo, mwenye nyumba na afanye haya.

Kwanza, aisome karatasi ya masharti kabla ya kununua king'amuzi, au amsomeshe mwanawe kwa sauti. Aulize: siku zikipotea kwa hitilafu, zitarudishwa? Bei ikipanda, nitaarifiwa lini?

Pili, atunze risiti, na ujumbe wa simu uthibitishao malipo asiufute, na namba ya kadi aiandike daftarini.

Tatu, akikosewa, aandike malalamiko kwa kampuni, ataje tarehe, kiasi, na namba ya kadi. Simu huimba muziki kisha husahauliwa, barua hubaki.

Nne, asiporidhika, alipeleke jambo TCRA, ambayo kwa watu wa Simiyu ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa kwa ajili ya kuwasemea. Na asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Tano, katika hatua zote asizidishe wala asipunguze neno. Dai la kweli lililotiwa chumvi huoza kabla ya kufika kwa hakimu.

BARUA YA KIJANA

Usiku ule hatukuondoka mpaka tulipomwomba yule kijana alete karatasi. Alikuwa ana hati nzuri kuliko baba yake. Akaandika tarehe ya malipo, kiasi, namba ya risiti, siku picha ilipotoweka, na siku baba alipomwendea wakala. Alipofika mwisho akataka kuandika kwamba wote ni wezi. Baba yake akamzuia mkono, akasema: “Mwanangu, hilo hatuna ushahidi nalo.”

Baada ya wiki tatu mzee alitupigia simu. Kampuni ilikuwa imejibu. Wakala alikosea tarakimu moja ya namba ya kadi, na fedha zikaingia katika king'amuzi cha mtu mwingine, huko mbali, ambaye yaelekea alishukuru Mungu bila ya kujua aliyemlipia. Mzee alifunguliwa mwezi mzima upya. Hakukuwa na mwizi katika kisa hicho. Palikuwa na mzembe mmoja, na ofisi isiyosikia mpaka iandikiwe. Nasi twajiuliza, kama kijana angalikwenda kwa fundi wa sokoni usiku ule, nani angalikuwa mwizi katika nyumba hiyo?

Katika lugha yetu ungo ulikuwa ni chombo cha kupepetea kabla haujawa chombo cha kupokelea picha. Mama zetu wa Usukumani hupepeta kwa huo mtama na mpunga, makapi yakaenda na upepo, punje zikabaki. Na tuufanye huu ulio juu ya paa kuwa vivyo hivyo: tupepete tunachokitazama, tupepete tunachokilipia, na tupepete madai yetu kabla hatujayapeleka mbele ya waamuzi wa dunia, kwa kuwa yuko Mwamuzi ambaye kwake hapana rufaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi, na azitie baraka riziki za nyumba zetu. Amin.